Mstari wa Kumi na Moja

Kufikia saa mbili na robo asubuhi Jean-Paul alikuwa ameshaapa mara nne, mara tatu kwa Mungu na mara moja kwa mama yake, kwamba hamjui mwizi wala hajawahi kula naye sahani moja. Mpelelezi Zephaniah Muhoza alimwacha aape mpaka akaukwe na mate. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na miwili, mfupi, shati limepigwa pasi mpaka kwenye vifungo, na hakuwa na tabia ya kumkatiza mtu anayejichosha mwenyewe.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, afande."

"Namba hii ya simu ni ya nani?"

Jean-Paul alikichungulia kikaratasi kilichosukumwa mbele yake. Mwenye kibanda cha fotokopi na huduma za mtandao pale Remera, Kigali, karibu na kituo cha mabasi, hawezi kuikana namba aliyoipaka kwa rangi nyekundu kwenye mlango wake mwenyewe.

"Ni yangu."

"Basi wewe ndiye Maître Spès Ndihokubwayo."

"Afande! Mimi?"

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Tangu mwaka uliopita rufaa za viwanja zilikuwa hazipokelewi tena kwa mkono. Zilipitia mfumo wa kompyuta wa serikali ulioitwa Dirisha, na wakili asiye na akaunti ya Dirisha alikuwa sawa na fundi cherehani asiye na sindano. Wiki tatu zilizopita akaunti yenye jina la wakili mmoja, Maître Spès, iliingia humo na kuiondoa rufaa aliyoiwasilisha kwa mkono kabla ya Dirisha kwa niaba ya mteja wake Mama Akimana, mjane wa Kabeza ambaye kiwanja chake kilikuwa kimemtoa udenda mjenzi mmoja wa maghorofa. Spès alisema hajawahi kuwa na akaunti. Alisema ameiomba miezi mitatu, akirudishwa kila mara, na alipopeleka maombi ya nne juma lililopita aliambiwa kaunta kwamba anayo tayari. Hakuna aliyemwamini. Wakili aliyemuuza mteja wake angesema nini kingine? Saa tisa alasiri ya siku hiyo kamati ya nidhamu ya mawakili ilikuwa inakaa Kiyovu, na bila ushahidi mpya jina lake lingefutwa kwenye orodha ya mawakili, basi.

Namba ya simu kwenye akaunti hiyo ilikuwa ya Jean-Paul.

"Nieleze basi," Zephaniah alisema. "Polepole, bila viapo."

"Afande, mimi iko na wateja wazee. Bibi wa miaka sabini anataka cheti cha ardhi, kompyuta inamuuliza barua pepe. Atatoa wapi barua pepe? Naweka yangu. Inamuuliza simu, naweka yangu. Halafu zile namba sita za siri zikiingia kwa simu yangu, namsomea, anaingia. Ni kusaidia watu, rwose, kweli kabisa."

"Wateja wote?"

"Wote. Kwa siku zinaingia namba ishirini, thelathini."

"Na mtu akikupigia kutoka mbali?"

"Anataja jina la mteja, namsom..." Jean-Paul alijishika kichwa. Kijasho chembamba kilimtoka juu ya mdomo. "Mana yanjye, Mungu wangu."

"Nani alikupigia kutaja jina la Maître Spès?"

"Mwanaume. Alisema iko ofisini kwa Maître. Fotokopi zao zote wanapiga kwangu, afande, mimi nikajua ni wao."

Mkuu wa Zephaniah, Afande Kellen, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Alimwita Zephaniah kando kwa kidole.

"Namba ni yake na sauti haina sura," alisema. "Mfungulie mashtaka tumalize. Au mfungulie pamoja na huyo wakili wake."

"Faili la maombi umeliona, afande?"

"Faili gani? Kila kitu kiko kwenye kompyuta."

"Akaunti ya Dirisha haifunguliwi bila faili la karatasi. Kompyuta inatuambia kilichoandikwa tu. Mimi namtaka aliyeandika."

Kellen alitazama saa yake. "Mpaka saa tisa, mzee wa karatasi. Ikipita hapo usinitafute."

Jina hilo la utani Zephaniah alikuwa analo tangu enzi za mashine za taipu, na hakuwahi kulikasirikia. Wenzake walifuatilia simu na kamera. Yeye alikuwa amewatia mbaroni watu kumi na wanane kwa mihuri, risiti na sahihi, na alijivunia kila mmoja wao kama mkulima anavyojivunia madebe ya mavuno yake.

Masjala ya Dirisha ilikuwa Kiyovu, ghorofa ya chini ya jengo lilelile la kamati. Nje palikuwa na foleni ya watu ishirini na kitu, kila mmoja kakumbatia bahasha ya kaki. Hapa ndipo palipokuwa na kichekesho cha mji mzima: mfumo ulioletwa kuondoa karatasi haukuingilika bila karatasi kumi na moja. Fomu nakala mbili. Picha mbili zenye mandhari nyeupe. Nakala ya kitambulisho iliyogongwa na mthibitishaji, nakala ya leseni iliyogongwa na mthibitishaji, na barua ya mthibitishaji kuthibitisha kwamba yeye ni mthibitishaji. Barua ya mkuu wa umudugudu, yaani mtaa, kwamba unaishi unakosema unaishi. Na mengine. Mtu alitoka humo amejua mji wake vizuri kuliko dereva wa teksi.

Ofisa wa masjala aliitwa Théoneste, mzee mrefu aliyevaa mikono ya kitambaa cheusi juu ya mikono ya shati ili isichafuke. Kiswahili chake alikuwa amekiokota Goma alikokuwa karani wa ghala.

"Polisi walikuja kwangu? Hapana," alisema. "Wewe ndiyo wa kwanza. Wote wanaendaka juu, kwa mashine."

"Nataka kuona maombi ya Maître Spès Ndihokubwayo."

"Ya mara ya ngapi?"

"Zote."

Théoneste aliingia kati ya rafu. Zephaniah alihesabu kimoyomoyo. Dakika tatu na nusu baadaye mzee alirudi na faili moja na daftari kubwa lenye jalada jekundu, akaviweka mezani kama mama anayepakua chakula cha wageni.

"Faili zinaingia kwa sanduku lile pale mlangoni, hatuangalie nani ameweka," alieleza. "Lakini kurudisha, ni daftari. Unaonesha kitambulisho, mimi mwenyewe naandika jina yako, unasaini."

Daftari lilisema hivi: maombi ya kwanza ya Spès yalirudishwa kwa sababu picha ilikuwa na mandhari ya bluu. Ya pili kwa sababu barua ya umudugudu ilikuwa na siku mbili zaidi ya miezi mitatu. Ya tatu kwa sababu halikuwamo tamko la majina ya wazazi.

"Tamko hilo halikuwamo hata mara ya kwanza," Zephaniah alisema. "Kwa nini hamkumwambia yote kwa pamoja?"

Théoneste alikunja uso. "Kanuni, afande. Karani akikuta kosa ya kwanza, anafunga faili. Si mimi niliweka hiyo kanuni." Alilipangusa jalada kwa kiganja. "Nawaonaga wakirudi. Mara tatu, mara tano. Inauma."

"Ya tatu yeye anasema ilipotea. Aliambiwa masjala mmeipoteza."

Mzee alisimama, na alipokuwa amesimama kichwa chake kilikaribia taa. "Nani alisema? Miaka kumi na tisa ya kulinda faili! Hapa faili haipoteake, afande. Soma!"

Zephaniah alisoma. Jumanne tarehe tisa, maombi ya tatu, yamechukuliwa na Bruce Rutayisire, kwa niaba. Sahihi yenye mkia mrefu.

Bruce Rutayisire alikuwa wakili aliyechangia ofisi moja na Spès pale Remera. Hilo peke yake halikuwa kosa. Mawakili wa Remera walikuwa na desturi yao: anayeteremka Kiyovu anachukua mafaili yaliyorudishwa ya mwenzake, leo kwako kesho kwangu, na daftari lilikuwa na majina ya namna hiyo kila ukurasa. Wakili mwerevu angesema, nililichukua, nikaliweka mezani pake, akalirudisha mwenyewe. Nani angembishia?

Alilifungua faili lenyewe, lile lililoidhinishwa. Kwenye pembe ya jalada palikuwa na namba ndogo ya penseli.

"Hiyo ni mkono yangu," Théoneste alisema kabla hajaulizwa. "Ni ile faili ya tatu. Ilirudi kwa sanduku siku tisa baadaye, na karatasi moja mpya ndani."

Karatasi mpya ilikuwa tamko la wazazi, limejazwa kwa wino wa bluu, kwa herufi kubwa safi. Mstari wa kumi, jina la mwombaji: NDIHOKUBWAYO SPÈS. Mstari wa kumi na moja, jina la baba mzazi: NDIHOKUBWAYO. Mstari wa kumi na mbili, jina la mama mzazi: NDIHOKUBWAYO CONSOLATA.

Zephaniah aliusoma mstari wa kumi na moja mara mbili, kisha akacheka peke yake, kicheko kifupi cha mtu aliyekutana na jirani wa zamani ugenini.

Alikuwa na miaka saba, Karagwe, Tanzania, siku ya kwanza ya shule. Mwalimu alimuuliza jina, akasema Zephaniah Muhoza. Baba yako? Sekabanza. Mwalimu akaandika Zephaniah Sekabanza, kwa sababu huko mtoto hubeba jina la babaye, na Muhoza likafutika kwa miaka ishirini na moja. Alilipata tena siku aliyorudi Rwanda na kuandikiwa kitambulisho, ambako kila mtoto ana jina lake aliloitwa yeye, baba ana lake na mama ana lake, hata nyumba ya watu saba ikawa na majina saba. Baba yake alikuwa amelia siku hiyo. Zephaniah mwenyewe alikuwa ametembea na kitambulisho mfukoni wiki nzima, akikitoa kila baada ya muda kukiangalia.

"Mzee Théoneste, mnapopokea tamko, mnaangalia nini?"

"Kama mstari imejazwa."

"Jina likiwa si la kweli?"

"Mimi najua wapi baba ya mtu?"

"Nipe fotokopi, na fomu mbili tupu za tamko hili. Daftari usimpe mtu yeyote."

"Hata waziri," Théoneste alisema, na ilikuwa wazi kwamba angependa waziri ajaribu.

Spès Ndihokubwayo alikuwa ameshafika, saa nne na nusu, kwa kikao cha saa tisa. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, mgongo wima, begi la ngozi magotini. Mawakili wawili walipita bila kumsalimia na yeye hakugeuza hata shingo. Alizaliwa na kukulia Buyenzi, Bujumbura, na Kiswahili kilikuwa lugha ya mtaa wake kabla Kinyarwanda hakijawa lugha ya kazi yake.

"Maître, nina maswali mawili tu," Zephaniah alisema akiketi. "Baba yako anaitwaje?"

"Baba yangu ameingiaje hapa?"

"Nijibu, dada yangu, halafu unigombeze."

"Nzeyimana Melchior. Alikuwa fundi viatu. Amefariki."

"Pole. Na mama?"

"Mukashema Consolata."

"Nani ofisini kwenu anamjua?"

"Bruce. Mwezi wa sita mama alikuja kutoka Bujumbura, akakaa ofisini siku mbili akinisubiri nimalize kazi. Akamletea Bruce maharage ya kwetu. Mama Consolata huku, Mama Consolata kule." Alimtazama mpelelezi machoni. Mikono yake ilikaza begi. "Kwa nini?"

"Ndani ya begi mna nini?"

"Faili la nne. Limekamilika. Kila kitu kimo, hata lile tamko. Safari hii lilikuwa limebandikwa ukutani pamoja na masharti mengine. Nilitaka kamati ione kwamba mtu mwenye akaunti hahangaiki namna hii kuitafuta." Aliligonga begi kwa kidole. "Afande, sitawaomba huruma. Wakinifuta, nitatoka kwa mlango uleule nilioingilia. Lakini sikumuuza yule mama."

"Usiende kokote," Zephaniah alisema. Alitaka kusema zaidi, lakini saa ilikuwa inakimbia na ahadi si ushahidi.

Alirudi kwanza kwa Jean-Paul. Akamtoa mahabusu, akampandisha gari mpaka Remera, akamwambia afungue kibanda chake. Kisha akampa moja ya zile fomu mbili tupu.

"Jaza hii kwa jina la Maître Spès, kama ungemjazia mteja."

Jean-Paul aliona kalamu akachangamka, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alijaza mtaa, wilaya, leseni, bila kuinua kichwa. Kwenye mstari wa kumi na moja kalamu ilisimama.

"Hapa mpaka aniambie yeye."

"Weka unachofikiri."

"Afande, naweza kufikiri jina la baba ya mtu? Kila mtu iko na jina yake. Naacha wazi, ndiyo kazi inavyofanywa. Wateja wangu hakuna hata mmoja fomu yake ilirudi kwa jina." Alisema hayo kifua mbele, kana kwamba hakulala chini ya ulinzi jana. "Hakuna hata mmoja!"

"Na mama yake?"

"Simjui. Naye naacha wazi."

Zephaniah alimpiga begani. "Sasa nataka shahidi mwingine ajaze karatasi ya mfano huu. Nichapie fomu. Juu andika: Maelezo ya Shahidi Mwema. Weka mistari kumi na minne. Wa kumi mpaka wa kumi na mbili iache hivyohivyo ilivyo."

"Shahidi mwema?" Jean-Paul aliuliza, vidole vimeshafika kwenye kibao.

"Ndiyo. Ataipenda."

Ofisi ya mawakili ilikuwa ng'ambo ya barabara, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Bruce Rutayisire alikuwa kijana wa miaka thelathini na minne, mcheshi, suti ya kijivu, mzaliwa wa Kampala. Alimpokea mpelelezi kwa mikono miwili, akimwita bwana kwa Kiganda.

"Karibu, ssebo. Ni juu ya Spès? Mimi siamini, kweli. Labda alichoka. Ile Dirisha inachokesha watu."

"Kamati inataka mtu anayemfahamu amwandikie maelezo mema. Nimesikia hakuna anayemfahamu kukuzidi."

"Of course. Spès ni kama dada." Aliichukua fomu, akashusha pumzi. "Lakini nyinyi watu wa serikali na fomu! Mistari kumi na minne kusema mtu ni mzuri?"

"Tuvumilie, Maître. Bila karatasi hatuli."

Bruce alicheka, akatoa kalamu ya wino wa bluu, akaanza. Aliandika kwa herufi kubwa safi, kama mwanafunzi aliyezoea kusifiwa mwandiko. Jina la anayeandikiwa. Leseni. Makazi. Zephaniah alikuwa amesimama dirishani akitazama mabasi, na hakugeuka hata alipoisikia kalamu ikipita mstari wa kumi, wa kumi na moja, wa kumi na mbili bila kusita. Moyo ulimdunda kama wa kijana. Miaka ishirini na mitatu ya kazi, na bado ulimdunda.

"Tayari," Bruce alisema.

Zephaniah aliiweka fomu mezani, na pembeni yake fotokopi ya tamko kutoka masjala. Majina yalikuwa yaleyale, mpangilio uleule, hata herufi K yenye mguu uliorefuka ilikuwa ileile.

"Baba yake Spès anaitwa nani, Maître?"

"Si nimeandika? Ndihokubwayo."

"Ulimjua?"

"Hapana, lakini yeye ni Spès Ndihokubwayo, sasa baba..." Alianza kuona alipokanyaga, lakini mguu ulikuwa umeshazama.

"Wewe ni Bruce Rutayisire. Baba yako?"

"Rutayisire."

"Dada zako?"

"Connie Rutayisire na... Ssebo, hii ni nini?"

"Ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa Zephaniah Sekabanza mpaka nilipofika miaka ishirini na nane. Tuliolelewa nje tunadhani kila mtoto amebeba jina la babaye, na mama kalichukua la mumewe. Hapa, na kwao Burundi, hata mpiga fotokopi anajua hivyo sivyo. Baba yake Spès ni Nzeyimana. Mama yake, aliyekuletea maharage, ni Mukashema. Spès hawezi kukosea jina la baba yake, Maître. Mtu akiwa amelewa, akiwa anaumwa, hawezi. Faili la tatu ulilichukua tarehe tisa, ukamwambia limepotea. Karatasi iliyokosekana ukaitunga mwenyewe hapa kwenye meza hii, na kompyuta ilipokuuliza simu ukaweka ya Jean-Paul, ili akusomee zile namba za siri."

"Hiyo si ushahidi. Mtu yeyote anaweza kukosea."

"Kwa mwandiko wako?"

Mlango ulikuwa wazi. Jean-Paul, ambaye aliambiwa asubiri ngazini na hakusubiri, alichungulia.

"Afande, ni hiyo sauti," alisema. "Ni huyo huwa ananipigia. 'Naomba zile za Spès.' Ni yeye!"

Bruce alikaa. Kwa muda aliitazama ile fomu ya shahidi mwema, kisha kitu kilimpanda usoni, na Zephaniah, aliyetegemea machozi, alishangaa kuona ni majivuno.

"Walinipatia ofisi Kiyovu," Bruce alisema. "Yule mjenzi na watu wake. Ofisi na kazi zao zote, nikiondoa rufaa moja tu ya mama mmoja. Na unajua? Spès alihangaika miezi mitatu. Mimi nilifungua hiyo akaunti kwa siku tisa. Siku tisa, ssebo! Hakuna wakili Kigali amefanya hivyo."

"Kweli hakuna," Zephaniah alisema, akatoa pingu. "Kikulacho ki nguoni mwako. Simama, Maître."

Saa tisa kasoro dakika sita aliingia ukumbi wa kamati amebeba daftari jekundu, Théoneste nyuma yake, kwa sababu mzee alikataa katakata daftari litembee bila yeye. Kellen alikuwa amekaa safu ya mwisho. Zephaniah hakuhutubia. Alipanga mezani daftari, faili la tatu, fomu ya Bruce, fomu ya Jean-Paul yenye mistari miwili mitupu, na kumwomba Spès atoe tamko lililokuwa kwenye begi lake. Wajumbe watano waliinama juu ya karatasi hizo kwa dakika kumi na tano, na hakuna aliyegusa kompyuta.

Mwenyekiti, mama mwenye mvi, alivua miwani. Alisema jina la Maître Spès Ndihokubwayo linabaki mahali pake. Alisema rufaa ya Mama Akimana inarudishwa mahakamani kwa barua ya kamati, siku hiyohiyo, kwa mkono. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi:

"Na akaunti yenyewe, Maître, imeshaidhinishwa. Ina jina lako, picha yako, leseni yako. Badilisha simu na neno la siri tu, uanze kazi leo. Tumekuondolea usumbufu."

Ukumbi ulinong'ona kwa kuridhika. Wale mawakili wawili wa asubuhi walikuwa tayari wanatabasamu.

Spès alisimama.

"Nashukuru, mheshimiwa. Siichukui."

"Maître, unajua foleni ya chini ilivyo?"

"Naijua kuliko wote humu. Ifungeni hiyo. Baba aliyeandikwa mle si wangu."

Mwenyekiti alivaa tena miwani, akaandika. Zephaniah aliinua kidevu. Alijivunia mwanamke huyu asiye ndugu yake kama mtu anavyojivunia wa damu yake. Kwenye safu ya nyuma Kellen alikohoa na kutazama dari.

Spès alishuka ngazi, akachukua namba kama mtu mwingine yeyote. Mbele yake palikuwa na watu tisa. Mmoja alimtambua, akataka kumpisha, akakataa kwa kichwa. Théoneste alikuwa amerudi kaunta na kuvaa tena mikono yake myeusi, na alipofikiwa na faili la nne hakulitupa sandukuni. Alilifungua palepale mbele yake, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Watu nyuma walianza kunung'unika, yeye wala. Angekuta kosa la kwanza, kanuni ingemtaka afunge. Alisoma mpaka mwisho wa tamko na hakufunga.

Kisha akapandisha macho kidogo, akarudisha kidole kwenye mstari wa kumi na moja.

"Nzeyimana Melchior," alisoma kwa sauti.

"Ndiye," Spès alisema, na foleni nzima ilimsikia.

Théoneste aligonga mhuri.